Mashine ya Pumzi Ilisema Nimelewa

Kwanza nilisikia mlio, tiii, mrefu, kama wa kuku aliyebanwa shingo. Nilikuwa nimefumba macho, maana Papa Justin, mkuu wa usalama wa kampuni yetu ya malori, alitaka pumzi yote mpaka tumbo lishikane na mgongo. Nilipofumbua, alikuwa ananionyesha taa nyekundu ya mashine ya kupimia pombe. Mashoferi waliopanga foleni nyuma yangu walikuwa wanacheka.

"Muzee, umekunywa nini?"

"Maji."

"Bote banasemaka maji."

Sijawahi kunywa pombe. Nalisema hili mapema ili tusichoshane. Baba yangu alipika kasiksi, ile pombe ya ndizi, karibu na Butembo. Nilimwona akizeekea mbele ya mtungi, ilinitosha.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa shoferi mnene mwenye kelele, mla ugali wa watu wawili. Tulipeleka unga na maharage kutoka depo ya mjini hadi kambi za Mugunga, ambako waliokimbia vita walikuwa wamesimamisha vibanda juu ya mawe meusi ya volkano. Kila asubuhi, kabla ya kupewa ufunguo, shoferi alipuliza mashine. Ni kanuni nzuri. Barabara ile ilijaa watoto na akina mama wenye mizigo mgongoni. Mlevi asiguse usukani pale. Hata leo siikatai.

Kisha ikaja kiu. Nilimaliza bidoni ya maji, dumu zima, kabla ya kufika Mugunga, nikashuka kukojoa, nikapanda, na kiu ilikuwa imenitangulia kwenye kiti. Suruali zilianza kuniteleza. Macho yaliona ukungu jua likiwaka. Nyumbani, mtaa wa Ndosho, sisimizi walijipanga kila mahali nilipokojoa. Mke wangu, Mama Furaha, aliwamwagia majivu, wakarudi. Na mdomo wangu ukanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kwetu, mtu anayenuka ndizi, anayeyumba na kukojoa ovyo, haulizwi anaumwa nini. Ametoka kwenye kasiksi.

Nilimwomba Papa Justin anipeleke nikapimwe damu.

"Damu haiko mu kanuni. Kanuni inasema pumzi. Mashine haina ndugu, haina adui."

Akanirudisha nyumbani, akanionya kwamba nikiendelea nitafukuzwa. Nyumbani nilimkuta Mama Furaha amepiga magoti, mkono mzima uko chini ya kitanda.

"Unatafuta nini?"

"Chupa."

"Umepata?"

"Viatu yako."

Rafiki yangu Kasereka, shoferi mwenzangu, alinihurumia kuliko wote, na huruma yake nusura inizike. Mashoferi wana dawa yao ya kuidanganya mashine: asali nyingi, na Fanta juu yake. Alinivuta pembeni na chupa ya asali ya Masisi.

"Kunywa hii, Papa Furaha. Sitaambia mutu."

"Lakini mimi sinywi."

"Ndiyo, hunywi. Basi kunywa asali."

Nilichoka kubisha. Kubishana na watu wanaokupenda kunachosha kuliko homa. Nikanywa, asubuhi baada ya asubuhi. Nilikuwa najimwagia petroli nikidhani ni maji.

Asubuhi niliyoanguka nilikuwa nimetapika njia nzima. Tumbo lilikata, pumzi ilikwenda mbio kama ya mbwa. Mashine ililia, nikakaa chini, nisiinuke tena.

"Mumulalishe mu kamyo," alisema Papa Justin. "Pombe itatoka."

Nikalazwa kwenye lori langu mwenyewe, jua likipanda juu ya kioo. Niliwasikia wakipita wakinitania, na ulimi haukuinuka.

Kasereka aliingiwa na hofu, akamwita mke wangu. Mama Furaha alinibeba kwa pikipiki, nimebanwa kati yake na mwenye pikipiki. Hospitali ilijaa majeruhi wa vita, tuliwekwa sakafuni. Daktari aliinama, akanusa.

"Kasiksi?"

Mama Furaha alimvuta koti. "Daktari, mukojo ya mulevi, sisimizi inafuataka?"

Daktari akanitoboa kidole palepale. Sukari ilikuwa juu kupita uwezo wa kipimo chake kuisoma.

"Huyu hakulewa. Sukari iko inamuua."

Baadaye alinieleza kwamba mwili ukikosa insulini huchoma mafuta yake wenyewe, damu ikawa kali, pumzi ikanuka matunda, na mashine nyingine za pombe hudanganywa na pumzi hiyo. Nilitundikiwa serumu, maji ya mshipani, nikachomwa sindano. Nilipopata fahamu nilisikia mizinga ya vita ikilia upande wa Sake, nikaomba ugali. Mke wangu akalia, akacheka.

Leo najichoma sindano mwenyewe. Umeme wetu hauaminiki, kwa hiyo insulini naitunza ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji. Barabara zikifungwa na vita, dawa huwa haba, na usingizi nao. Lakini naishi. Namshukuru Mungu, daktari, mke wangu, hata Kasereka na asali yake. Ndugu, mtu wako akiwa na kiu isiyokatika, mpeleke akapimwe kabla ya kumpa jina. Nanyi wakubwa wa makampuni, mashine ikilia, pimeni tena kwa njia nyingine. Kifaa kinaweza kukosea. Ninyi mna macho.

Nilipopata nguvu, daktari aliniruhusu kurudi barabarani, mradi nipime sukari kila ninapotaka kushika usukani. Papa Justin akaja nyumbani, amekwisha kusoma cheti cha daktari.

"Kanuni iko vile, muzee. Mwenye mashine ilimulilia anasimama mbele ya benzake, anatoa ushuhuda ya kuacha pombe. Kisha anapata ufunguo."

"Sijawahi kunywa."

"Najua. Unasema tu kidogo."

Nilikitamani kile kiti cha lori hata viganja vikaniwasha. Lakini nikamfikiria shoferi atakayeanguka baada yangu. Wataambiana: hata Papa Furaha alijitetea hivyo, na mwishowe alikiri. Watamlaza juani.

"Ushuhuda nitatoa," nikasema. "Wa sukari."

"Hiyo haiko mu kanuni."

"Basi uiandike."

Alivaa kofia, akasema atauliza wakubwa, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kuuliza. Mama Furaha alimsindikiza, akangoja avuke kizingiti, akafunga mlango nyuma yake.