Kontena la Hewa kwa Dakika Tano

Kazi yangu Guangzhou ilikuwa kushindilia. Wafanyabiashara wa Dar, Unguja na Kongo walinunua nguo na mabegi kwenye masoko ya Liuhua, nami nikawafungia mizigo na kuipanga ndani ya kontena. Sikuacha hata upenyo wa kupitisha kiganja. Meli inakutoza kwa CBM, yaani mita za ujazo, uwe umejaza mabegi au umejaza upepo. Nilisifiwa sana kwa ushindiliaji wangu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mke wangu alikuwa akipika. Tulipanga nyumba ghorofa ya nane, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, na kila adhuhuri watu walikuja kula wali kwa papa mkavu wa kukaanga, aliyetufikia ndani ya masanduku ya wageni. Papa yule ndiye aliyewavuta wateja, na ndiye nusura atutoe nyumbani. Feni iliyochomekwa kwenye dirisha la jiko ilitupa harufu nje, harufu ikapanda moja kwa moja kwa bibi wa ghorofa ya tisa, aliyeanika nguo zake nje ya dirisha lake. Alivumilia mwaka mzima. Kisha akachukua shuka lake, akalipeleka kwa mwenye nyumba wetu.

Fangdong, ndivyo sote tulivyomwita mwenye nyumba, alikuwa mama wa makamo mwenye sauti kali na moyo usio mbaya. Alinibandika shuka lile puani.

"Nusa, bosi."

Nikanusa. Papa mtupu.

"Mkataba wenu unaisha mwisho wa mwezi. Harufu hii ikiwapo, bu xing. Siandiki mwingine."

Bu xing ni haiwezekani. Tulizoea kuisikia sokoni kila tulipoomba bei ipunguzwe, tukacheka na kuomba tena. Safari hii sikucheka. Binti yetu tulimwacha kwa bibi yake Tanga akiwa na miaka minne, tukaahidi kumleta mara tu tutakapotulia mahali. Ilikuwa imepita miaka miwili na nusu, na hii ilikuwa nyumba yetu ya nne. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mkataba wa pili ukiandikwa, mtoto anakuja. Usipoandikwa, angengoja tena, na mimi sikuwa na uso wa kumwambia hivyo kwenye simu.

Mke wangu alisema ataacha kupika papa. Nikamwambia akiacha papa, wateja watamfuata papa aliko.

Miaka ile kila Mchina niliyemjua alikuwa ananunua nyumba mpya au ana ndugu anayenunua, na madukani waliuza mifuko ya mkaa wa kunyonya harufu ya rangi. Ulikuwa mkaa wa punje, kama pilipili manga. Nikajiuliza, kama unanyonya rangi, papa ataushindaje? Nikanunua mifuko kadhaa. Nikatafuta ndoo kubwa ya rangi inayoenea kwenye mdomo wa feni, nikaitoboa kitako, nikaijaza mkaa. Nikaitikisa, nikaigonga, nikaongeza, nikaigonga tena mpaka ikakataa kupokea hata punje moja. Nikaifunga nje ya feni, nikamwita mke wangu aje aone kazi ya mtu anayejua kufunga mzigo.

Akatia papa kwenye mafuta. Feni iliguna kama mzee aliyeamshwa. Moshi ukapanda hadi kwenye feni, ukafikiri, ukarudi. Ukajaa jikoni, ukapita sebuleni, ukatokea chini ya mlango hadi kwenye korido, na milango ya majirani ikaanza kufunguliwa mmoja mmoja. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumemuudhi bibi mmoja. Sasa tulikuwa tumeudhi ghorofa nzima.

"We bwana," mke wangu alisema huku akipangusa machozi ya moshi, "nani kakuambia harufu inasafirishwa kwa meli?"

Nilinuna, na nilinuna vibaya. Nikamjibu kwamba mkaa ule ni mbovu. Sikumsemesha mpaka kesho yake, na yeye hakuonekana kuumia sana.

Kesho yake nilikuwa ghalani napima katoni, naandika CBM, nikakumbuka kwamba kipimo hichohicho cha mita za ujazo nimekiona kwenye kibandiko cha feni. Niliporudi nikapanda juu ya kiti nikafuta grisi. Mita za ujazo 360 kwa saa. Nikapiga hesabu: sita kwa dakika. Kontena la futi ishirini linameza kama ishirini na nane. Feni yangu ndogo ilikuwa inapakua kontena zima la hewa kila dakika tano! Na mimi nimeiwekea mlango mmoja mwembamba, kisha nikauziba. Ningemkuta kuli amefanya hivyo ghalani ningemtukana.

Basi niliona aibu, na aibu ilinisaidia. Madirisha ya kule yana kizimba cha nondo kwa nje. Ndani ya kizimba nikajenga sanduku la waya, upana wake karibu mara tatu ya feni, lenye kuta mbili mbili na mkaa katikati. Feni ingepuliza ndani, na hewa ingetoka polepole kwa pande zote tano. Mke wangu aliuliza kuku wanakuja lini. Kangle, kwenye karakana za nguo, nikaokota vipande vya pamba nyepesi ya kujazia makoti, nikavitandika mbele ya feni vishike mafuta yasije yakanatisha mkaa.

Unene wa mkaa niliupima kwa karatasi ya chooni. Ukiibandika upande wa jikoni na feni inavuta vizuri, inanata. Mkaa wa vidole vitatu: karatasi ilianguka. Vidole viwili: ilisitasita, ikaanguka. Kwa kidole kimoja ikanata, mke wangu akapiga kigelegele, nami nikaacha kununa rasmi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mke wangu alikaanga papa wawili wakubwa. Mimi na fangdong, niliyemwomba aje anuse tena, tulikuwa juu kwa bibi, tumeketi tunakunywa chai, na shuka limeanikwa nje. Baada ya nusu saa bibi alilivuta ndani, akazika uso.

"Ipo kidogo," akasema.

Nikaweka kikombe chini. Fangdong akalinusa shuka, akainua pua, akaifuata mpaka jikoni kwa bibi na kufunua sufuria. Ndani mlikuwa na samaki wa chumvi, anapikwa kwa mvuke juu ya wali.

"Hii ni ya kwako mwenyewe!"

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Fangdong akaandika mkataba palepale, juu ya meza ya bibi: mwaka mmoja.

Nilishuka ngazi mbio. Mke wangu aliuona mkataba mkononi mwangu, akazima jiko, akachukua simu. Kwetu ilikuwa saa tisa alasiri, Tanga saa nne asubuhi.

"Mama," alimwambia mama yake, "mtoto anakuja. Huku baridi inaanza, nataka kumnunulia viatu. Mwambie akanyage karatasi, umpime mguu, unipe namba. Alikuwa anavaa ishirini na sita."

Akangoja. Nilisikia vicheko upande wa pili, na sauti ya mtoto ikilalamika kwamba anatekenywa. Kisha mama mkwe akasema kitu, na mke wangu akaketi sakafuni pale jikoni.

"Thelathini," akaniambia. "Baba, anavaa thelathini."