Sahani Sita Zilizorudi Tupu

Usiku ule nililala na furaha ya kijinga, furaha ya mwanamke aliyerudishiwa vyombo vyake. Jioni ya siku hiyo Zuhura, mke wa mdogo wangu Hamza, alikuja na beseni kichwani, akatoa humo sahani zangu sita moja baada ya nyingine, zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Nilizipindua kutafuta alama yangu. Mtaani kwetu Tanga kila mwanamke huweka alama chini ya vyombo vyake, maana ikija shughuli, iwe harusi au msiba, vyombo vya mtaa mzima huchanganyika. Yangu ni kitone chekundu cha rangi ya kucha. Ya Zuhura ni mistari miwili ya kijani.

Baada ya sahani akatoa bakuli lake la harusi, lile kubwa la maua, akaniwekea mikononi. "Chukua tu wifi, likufae," alisema. "Na vyako ndivyo hivyo, sitaki kubaki na kitu cha mtu."

Nami, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikamtania: "Leo jua limetokea wapi? Wewe na kurudisha vyombo vyote kwa mpigo?" Sisi ni mawifi, tusipotaniana watu watauliza kulikoni. Siku zote Zuhura hunijibu, tena hunijibu jibu la kuwasha. Jioni ile alitabasamu tu, akachukua beseni lake, akaenda. Nikapanga sahani zangu kabatini nikaenda kulala.

Ndipo Bibi akaja. Huyu ni bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, na tulimzika miaka mingi iliyopita. Nilimkuta uani kwangu, mchana kweupe, amekalia mbuzi anakuna nazi. Alikuwa amejifunga ile kanga ya kahawia niliyoitafuta nyumba nzima baada ya msiba nisiione. Nilijua kwamba ni marehemu, wala sikuogopa. Niliona haya tu kwamba ua haujafagiliwa.

Ananitazama. Ananyoosha mkono, nampa sahani, anaipindua. Kitone chekundu. Nampa nyingine, kitone chekundu. Anafika ya sita, anaiweka chini taratibu.

"Ya Zuhura iko wapi?"

"Hana sahani hapa, Bibi. Na zangu zote amezirudisha."

"Zimerudi na nini?"

Natazama ndani ya sahani. Kwetu chombo kilichokuja na chakula hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu, utatia ndimu tatu, utatia chumvi kidogo kwenye karatasi. Bibi mwenyewe alinifunza hivyo nikiwa mdogo, kwa kunirudisha njiani na bakuli tupu la watu. Na Zuhura, ambaye hata siku za dhiki alikuwa akinirudishia sahani na vipande viwili vya muhogo, alikuwa amenirudishia sita tupu, nami nilihesabu sahani tu.

Sijui ua ulikwenda wapi. Sasa tupo kwenye harusi ya Zuhura, wanawake wanapita na masinia, vigelegele vinapaa, na huko nyuma bibi harusi mwenyewe amechuchumaa na nguo zake za harusi, hina mpaka viwiko, anaosha rundo la vyombo peke yake. Hakuna anayemzuia. Bibi harusi haoshi vyombo siku yake, hilo hata mtoto analijua, lakini tunampita kama hatumwoni. Namwita. Ngoma inaimeza sauti yangu. Bibi ananishika mkono, na mkono wake una joto, nao unanukia tui la nazi.

Kisha tumesimama jikoni kwa Zuhura. Jiko limetolewa majivu yote. Rafu ni nyeupe, hakuna sahani, hakuna kikombe.

"Mtu akisharudisha vyombo vyote," Bibi anasema, "anajiandaa kwenda wapi?"

Ukweli ni kwamba sikuhitaji ndoto kunionyesha. Yalikuwa yamemkuta mengi mwaka ule: mimba iliharibika, mama yake akafariki, Hamza yuko barabarani na lori mwezi mzima. Alikuwa amekonda. Alikuwa haji tena kusukana. Siku moja aliniambia kwamba watu wangepumzika kama asingekuwepo, nami nikamjibu, "Wacha maneno hayo, subiri, sali." Nililipita neno lake haraka kwa sababu lilinitisha.

"Umekuja kumchukua?" namwuliza Bibi. Kwetu marehemu akija ndotoni watu huanza kuhesabiana, nani atakayemfuata.

Anakasirika, kasirani ile ile ya zamani nilipozidisha chumvi. "Nimchukue nimpeleke wapi? Ana maisha yake huku. Nenda kamwulize."

"Nimwulize nini?"

"Hilo unaloliogopa."

Ananipa bakuli la mbaazi za nazi, linafuka moshi. Nakumbuka nilivyofunzwa, kwamba chakula cha marehemu ndotoni hakiliwi, narudisha mikono nyuma. Bibi anacheka, kicheko chake cha jino moja.

"Si chako, mlafi wewe. Kipeleke kabla hakijapoa."

Niliamka adhana ya alfajiri inamalizika, mikono yangu imejikunja kifuani kana kwamba imebeba kitu. Nilisali. Nikapasha moto mbaazi nilizochemsha jana yake, nikatia tui, nikazimimina kwenye lile bakuli la maua, nikafunika, nikatoka na kanga zangu za kulalia hivyo hivyo.

Zuhura alifungua mlango mara moja. Alikuwa hajalala. Aliliona bakuli lake, akasema, "Wifi, si nimekupa hilo?"

"Umenipa, nami nimelileta na chakula. Kaa."

Tulikaa kwenye mkeka. Kwetu neno lile halitamkwi, tunaogopa kwamba ukilitamka umelikaribisha ndani. Ulimi wangu, unaosema kila kitu, ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nikamshika mkono.

"Zuhura, unafikiria kujiua?"

Jogoo wa jirani aliwika, akawika tena.

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Na sahani."

Aliangua kilio, kilio cha mtu anayetua mzigo. "Nimekuwa nikingoja mtu aniulize, wifi. Nilimwomba Mungu aniletee mtu mwenye mdomo kama wako, na wewe wiki nzima unanitania tu."

Nililia naye. Yalinijia yale ya kusema, una mtoto shule ya bweni, shukuru, wenzio wana makubwa zaidi, nikayameza yote. Nilisikiliza. Alipomaliza nikamwuliza kama ameshapanga, akanionyesha alichokiweka. Sitakitaja hapa. Nilikitoa katika nyumba ile asubuhi ile ile, na sikumwacha peke yake hata alipokwenda kuoga, nikakaa mlangoni namsimulia umbea wa mtaa. Nilimpigia Hamza, nikamwambia lori lina watu wengine wa kuliendesha, arudi. Aligeuza njia siku ile ile.

Jua lilipopanda nilimpeleka hospitali. Nesi aliyetupokea hakushangaa wala hakutukemea, na nilipomnong'oneza kwamba nimelitamka lile neno, labda nimeharibu, alitikisa kichwa. "Umefanya vizuri mama. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Kunampa mahali pa kulitua." Zuhura akapangiwa mshauri wa kuzungumza naye kila wiki, na daktari wa afya ya akili akampa dawa. Siku za kwenda tulikwenda wawili, mimi nikingoja kwenye benchi nje. Zilikuwepo wiki mbaya. Wiki hizo nililala kwake.

Mbaazi zile tulizila siku ile ile tuliporudi, zimeshapoa kabisa. Bibi angenisema.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Zuhura amenenepa, na maneno yake ya kuwasha yamerudi yote, mpaka siku nyingine natamani mengine yangechelewa njiani. Sahani zinatembea tena kati ya nyumba zetu. Ijumaa iliyopita alinirudishia moja, ina visheti, vingine vimeungua, wala sikuvisema.

"Na ile nyingine?" nilimwuliza. "Yenye kitone changu, uliyoichukua siku ya maulidi?"

"Hiyo siitoi," alisema. "Hiyo utakuwa unaifuata."

Basi kila asubuhi nikiamka, kabla sijawasha jiko, nakwenda kugonga mlango wake kuidai.