Marehemu Anatafsiri Mapenzi

Mama Bernadi anaapa kwamba Jumanne, saa nane mchana, jua linawaka, alimsikia marehemu Cuthbert akimbembeleza mkewe.

Tena si kwa mbali. Alikuwa nyuma ya nyumba yao anageuza usipa wake, vile vidagaa vya ziwani, juani, dirisha lipo hatua mbili tu.

"Nikasikia, 'Usilie mpenzi, mimi sijaenda popote.' Sauti ya Cuthbert! Ile ile ya kukwaruza! Nikachungulia, runinga imefunikwa khanga, Schola amekaa peke yake chini. Nilitimua mbio, usipa wangu wote wakaliwa na kunguru. Wewe Herieth, unacheka nini?"

Sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeziba mdomo.

Cuthbert alizama ziwani mwaka jana, mwezi wa nane. Boti aliyopanda kwenda Mbamba Bay ilipigwa na Mwera, ule upepo wetu wa huku Nyasa usio na huruma, ikakutwa imepinduka. Wenzake watatu walipatikana, wakazikwa. Yeye, mpaka leo ziwa halijamrudisha. Padri alisoma misa, lakini kaburi hakuna.

Sasa mtu ambaye hana kaburi, ukisema umemsikia, nani atabisha?

Kufika jioni Lituhi nzima ilikuwa inanong'ona. Karudi. Kaonekana mtoni. Kaomba maji.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua sauti ile imetoka wapi.

Nilimpa mkewe mimi mwenyewe.

Ngoja nieleze vizuri.

Mimi niliishia darasa la saba. Ila kwa kusoma hadithi za mapenzi, aisee, hunipati. Nina kibanda karibu na pale boti zinapotia nanga. Nachaji simu kwa sola, nawekea watu muvi kwenye flashi, na naazimisha vitabu.

Nina daftari langu. Upande wa kushoto naandika kitabu, upande wa kulia muvi au tamthilia inayoendana nacho. Ukichukua kitabu cha nesi aliyempenda fundi baiskeli, nakupa na muvi ya yule daktari wa Lagosi na dereva wake. Watu wengine, nchi nyingine, maumivu yale yale.

Na wateja wangu wanataka mapenzi ya watu weusi. "Nipe wanaofanana na sisi," Mama Bernadi huniambia. "Wale wengine wanapendana wawili tu, hakuna hata wifi wa kuingilia. Mapenzi gani hayo?"

Cuthbert ndiye aliyekuwa anatafsiri muvi kwenye banda la video hapo jirani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu.

Siri ya kazi ilikuwa hii: anakuja kibandani kwangu, anauliza, "Herieth, hii muvi pacha wake ni kitabu gani?" Namtajia. Namsomea ule ukurasa mtamu. Anaushika kichwani, anakwenda kwenye maiki kurekodi, anamtia yule mwanaume wa kwenye muvi maneno ya kitabu changu mdomoni.

Watu walikuwa wanalia, wanapangusa kamasi, wanasema Cuthbert ana kipaji.

Basi. Alipokufa, mkewe akaanza kuja.

Scholastica si mtu wa ziwani. Kwao Mapera, kule juu kwenye kahawa, alishuka huku kwa kuolewa. Miaka minne, mtoto hawakupata. Baada ya misa kila mtu alijua atapanda gari arudi kwao.

Hakurudi.

Alisimama mlangoni kwangu, amevaa nyeusi juu mpaka chini, akasema, "Mdogo wangu, nipe kitabu na muvi yake. Ila muvi awe ametafsiri yeye."

Nikampa. Wiki iliyofuata akarudisha, akataka nyingine. Ikawa ndiyo maisha. Asubuhi anasoma kitabu, mchana anafunika runinga kwa khanga, anasikiliza.

"Kwa nini unafunika, dada Schola?"

"Sitaki kuona midomo ya mwanaume mwingine."

Niliendelea kumpa. Muvi zote kumi na tisa alizotafsiri Cuthbert zilikwisha hivyo, nyingine akizirudia.

Ndipo Jumatano ya wiki ile ya uvumi kaka yake, Nazari, akapiga simu kwamba Jumapili anakuja kumchukua. Mama yao anaumwa, kahawa inaiva, na yeye huku amekonda kama ufito. Siku ile ile Schola akaja kwangu.

"Nitaondoka," akasema. "Ila nataka anisemeshe mimi kwanza. Kwenye zote ulizonipa anaongea na wanawake wa vitabu vyako. Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka minne. Hakuna hata moja aliyonitaja? Hata neno moja?"

Nikamwambia nitatafuta.

Nilitafuta kweli. Mwenye banda la video alipohamia Manda aliniachia boksi la nyaya mbovu. Alhamisi mchana nikalimwaga lote chini. Katikati ya nyaya kulikuwa na flashi ndogo nyekundu. Nikaichomeka kwenye simu.

Ndani muvi moja. Haijawahi kuonyeshwa.

Niliitambua. Kwenye daftari langu pacha wake ni kitabu cha seremala aliyempenda mwalimu wa kwaya. Kitabu hicho nimekisoma mpaka jalada limetoka. Nakijua kama Salamu Maria.

Nikavaa spika za masikioni.

Cuthbert akaanza. Sauti ile, karibu kabisa, kana kwamba yuko nyuma ya shingo yangu. Mwanzo wote alifuata kitabu. Seremala anachonga mlango, sawa. Seremala anakwenda kanisani, sawa.

Pakafika pale seremala anasimama dirishani peke yake. Kwenye kitabu anasema, "Nitakungoja mpaka mlango huu niliouchonga uote majani."

Cuthbert hakusema hivyo.

Kwanza kimya. Yule mwanaume kwenye muvi midomo inacheza, sauti hakuna. Halafu nikasikia mtu anavuta pumzi.

"Herieth. Haya hayamo kwenye kitabu."

Jamani.

"Nikirudi kutoka Mbamba Bay nitakuja kwako mchana, watu wanaona. Nimechoka kukwambia kwa midomo ya wengine."

Nilizima hapo hapo.

Naapa mbele yenu, Cuthbert hakuwahi hata kunishika mkono. Lakini nilikaa pale sakafuni na nyaya zangu, nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Kurasa zote zile nilizokuwa namsomea, nani alizichagua?

Mimi.

Nilichagua zile ambazo nilitamani mtu aniambie.

Nikafikiria Schola akiyasikia yale akiwa amekaa chini mbele ya khanga yake. Nikafikiria Mama Bernadi, na Lituhi nzima, watakavyosema ndiyo maana ziwa limemficha. Nikabonyeza kufuta. Simu ikauliza nina uhakika? Nikabonyeza ndiyo.

Nilijiambia nimefanya kwa ajili ya Schola.

Ijumaa asubuhi akaja. Akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Umepata?"

"Sijapata, dada."

Akaniangalia.

"Ile ya seremala je?"

Nilijifanya nachomoa simu ya mteja kwenye chaji.

"Aliirekodi nyumbani," akasema taratibu. "Jioni ile kabla ya safari. Bandani hakukuwa na umeme, akaleta laptopu yake chumbani. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga samaki mbasa, ukuta wetu ni wa matete. Nilisikia yote, Herieth. Na jina lako nililisikia."

"Dada Schola, mimi..."

"Nyamaza. Sijaja kugombana. Ningetaka kugombana ningekuja mwaka jana."

Akafumbata mkoba.

"Nilijua flashi aliipitisha bandani akienda botini, na kwamba ikionekana itapita mikononi mwako. Nikawa nangoja uilete mwenyewe. Miezi kumi na moja nakusubiri. Unajua kwa nini naitaka?"

Nikatikisa kichwa.

"Alisahau kuzima maiki, niliikuta baadaye taa yake bado inawaka. Muvi imekwisha, kumbe bado inarekodi. Akapaza sauti, 'Schola wee! Samaki wanaungua huko, au unataka kunilisha mkaa?' Nikamjibu nimewaona. Akaja jikoni, akaniona machozi yananitoka, akadhani moshi. Akanifuta kwa shati lake. Akasema, 'Mke wangu, moshi huu utakuja kukuua.'"

Schola alikuwa anatabasamu. Mara ya kwanza tangu msibani.

"Yote yamo mle, kwa sababu jikoni na chumbani ni hatua tatu. Asubuhi yake alipoaga mimi nilikuwa nimenuna, nimegeukia ukutani. Sikumjibu. Kwa hiyo la mwisho tuliloongea watu wawili ni lile la samaki. Hilo ndilo langu. Hayo mengine yako, chukua."

Laptopu ilizama naye. Nakala nyingine hakuna.

Ningeweza kumwambia pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni, "Nitaitafuta, dada."

Jumapili Nazari alikuja na gari la kukodi. Nilimpa shikamoo, nikasaidia kupakia godoro. Schola alishusha kioo, akanishika mkono. Mama Bernadi akashukuru Mungu kwamba mzuka umehama.

Haujahama. Huwa nakaa kibandani mchana, nimevaa spika zisizo na kitu, nasubiri sekunde zile nilizokataa kuzisikiliza.

Ninyi mnaonisoma, nawaomba mnielewe hili. Ukiangukiwa na maneno ya marehemu, yasikilize mpaka mwisho kabla hujaamua ni ya nani. Mimi nilisikia jina langu nikadhani habari imeishia hapo.

Wiki tatu zilizopita Schola aliniandikia kutoka Mapera. Anaona kwamba nimesoma. Sijamjibu mpaka leo:

"Herieth mdogo wangu, huku baridi, tunachuma kahawa. Mama anaendelea vizuri. Nimenunua simu yenye memori kubwa. Kama umeiona ile flashi nitumie kile kipande cha mwisho tu, cha samaki. Pale penye jina lako pakate, sitaki uone aibu. Nitumie hata leo."