Mabomba ya Maua ya Saidati

Miaka ile ya hamsini na kitu, hapa Gisenyi, Saidati mke wa Kadiri dereva wa lori alikuwa na ugonjwa wake: mabomba ya maua. Kibomba cha karatasi ngumu au bati, ndani vioo na vipande vya chupa za rangi. Unaweka jicho, unazungusha, ua linafunguka. Alikuwa nayo manne. La kwanza Kadiri alimletea mtoto kutoka Bukavu, na huyo mtoto hakulishika hata siku moja. La bati Saidati alilibadilisha kwa kitenge kipya, wala hakujuta. Kila moja alilijua tabia. Hili linapenda jua la asubuhi. Lile vipande vyake vinaanguka polepole kama mutu mwenye usingizi. Na kila siku alijiuliza: ua likivunjika, linakwenda wapi?

Siku moja la bati likamwonyesha nyota nyekundu yenye jicho la kijani. Akamwita wifi yake Nyiraneza, msuka vikapu, aone naye. Nyiraneza mutu wa adabu: kitu anachopewa hukipokea kwa mikono miwili, na kichwa anainamisha. Akapokea hivyo. Tak, vipande vikaanguka. Akasema anaona buluu tu. Wakabishana, na kufika jioni wafua nguo wa ziwani walishasikia kwamba mke wa Kadiri anaona visivyokuwako.

Mengine Saidati angemeza. Kuitwa mwongo, hapana. Akazungusha bomba mpaka akapata ua jingine zuri, kisha akalichomeka taratibu ndani ya beseni la mtama, mdomo ukielekea mlangoni kwenye mwanga. Akamwita wifi. Nyiraneza akanyoosha mikono miwili. Saidati akaipiga kikofi.

“Leo usipokee kitu. Piga magoti.”

“Mi nipigie bati magoti?”

“Pigia mtama basi. We angalia tu.”

Akashuka akinung'unika. Kisha akaweka jicho.

“Manjano,” akasema. “Kama samaki wanakunywa kwenye sahani moja.”

“Na katikati?”

“Zambarau. Yewe wifi, kumbe iko kweli.”

Kwa furaha akalichomoa, amrudishie mwenyewe kwa heshima, mikono miwili. Tak.

Akaenda ziwani kutoa ushahidi wa samaki wa manjano. Wakamcheka mpaka povu likamwagika. Bon, sasa waongo wakawa wawili. Kesho yake Nyiraneza akarudi kwa Saidati, kichwani amebeba beseni lake mwenyewe la mtama, la kuchomekea bomba.