Chuo Kilichojulikana kwa Kuuliza

Chuo chetu cha Ghubra, mjini Maskati, kilikuwa kidogo, jengo la ghorofa mbili nyuma ya duka la mapazia. Hatukuwa na uhandisi wala udaktari. Tulisomesha historia, fasihi na falsafa, na wanafunzi wangu walikaa duara, wakitazamana. Tulijulikana kwa jambo moja tu: mwanafunzi wetu akiambiwa kitu, huuliza kwa nini. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, akinicheka: "Kazi gani hiyo, mwanangu, kusomesha watoto wa watu ubishi?"

Akaja mkuu mpya. Viti vikapangwa safu, madarasa mawili yakasongwa chumba kimoja, na mwalimu wa falsafa, Msudani mpole aliyependwa na wote, akaambiwa baada ya likizo asirudi. Halafu, siku ya kuwakaribisha wazee wa wanafunzi, likatundikwa getini bango kubwa: Hapa tunafundisha kuuliza. Nilipoliona damu ilinichemka.

Ukumbini mkuu alijisifu weee, kisha akasema, "Vijana wetu hawaogopi. Haya, nani ana suala?"

Akasimama msichana wa mwaka wa pili, mkimya siku zote. Mama yake alikaa safu ya mbele.

"Mwalimu wetu wa falsafa mmemwondoa kwa nini?"

Mkuu akatabasamu. "Hilo si la leo."

"La lini, basi?"

Akanyang'anywa kipaza sauti.

Kesho yake akaambiwa aombe radhi mbele ya chuo kizima, la sivyo mitihani hafanyi. Mama yake alinishika mkono kwenye ngazi. "Mwalimu, nakuomba, mwambie aombe radhi yaishe. Sisi tunataka asome tu."

Msichana alikuwa pembeni, macho mekundu. "Nnaomba radhi kwa lipi, mwalimu?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu.

"Dada yangu," akaniambia, "wewe mtu mzima. Kuuliza kuna mahala pake."

"Getini hamkuandika mahala. Mmeandika kuuliza. Mtoto kakuamini, ndo kosa lake?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Unawaonesha wageni watoto hawa kama mapambo, mmoja akifungua mdomo unamziba."

Akasema darasa langu anaweza kumpa mtu mwengine. Nikamwambia ampe leo leo. Nilitoka, na kwenye barabara kuu ya Al Khuwair nikasimamisha gari pembeni, nikaupiga usukani kwa viganja mpaka vikauma.

Msichana hakuomba radhi. Mitihani hakufanya. Wazee wake walimhamishia chuo kingine, akasoma uhasibu, na kwa uhasibu hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba hakuuchagua yeye.

Mwaka huu nilikutana naye dukani, anasukuma kigari cha manunuzi, kavaa kitambulisho cha ofisi shingoni. Tulikumbatiana. Nikamuuliza kazini vipi, wanamsikiliza?

"Mikutanoni siku hizi nanyamaza, mwalimu," akasema, akacheka kidogo. "Nshazowea."

Mimi kazi nimepata pengine, nasomesha, sina shida. Lakini kile kicheko chake nilirudi nacho nyumbani, nikashindwa kula. Watu huniambia yamepita, msamehe yule bwana. Simsamehe. Kazini alinitoa, sawa. Lakini alimfundisha yule mtoto kunyamaza, na alimfundisha vizuri.