Dumu la Mama Mlangoni kwa Mkuu wa Shule

Mpaka leo nashindwa kutafuta eksi. Najifunza peke yangu katika chumba nilichopanga hapa Mbeya, kwa madaftari ya watu waliomaliza kidato cha nne na video za kwenye simu, lakini nikifika kwenye milinganyo nakwama. Shuleni kwetu hisabati ilikuwa kipindi cha kwanza na cha pili. Miezi yote ya mvua, vipindi hivyo vilinikuta mianzini.

Kwetu ni Kilolo. Babu alituachia shamba la mianzi nyuma ya nyumba, na mvua zikianza mianzi michanga hugemwa ulanzi, pombe ya mwanzi. Unakata ncha ya mwanzi, unafunga hapo mbeta, yaani kopo la mwanzi, na utomvu unadondokea humo. Kila asubuhi na kila jioni unachonga tena kidogo palepale penye kidonda. Usipochonga, kidonda kinakauka na mwanzi unafunga. Ukichonga kipande kinene, unaumaliza mwanzi kabla mvua hazijaisha. Zamani aligema baba, mpaka alipokwenda Chimala kuvuna mpunga akabaki hukohuko. Mama mikono ilikuwa inamtetemeka. Kwa hiyo niligema mimi, tangu nikiwa darasa la sita.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: nilikuwa hodari, na niliona fahari. Hakuna aliyenishikia fimbo. Mimi nikipewa kazi siwezi kuifanya ovyo, na hilo ndilo limeniharibia mengi. Daftari langu lilikuwa jembamba kuliko ya wenzangu kwa sababu nikikosea herufi moja nilichana ukurasa nikaanza upya. Mianzini nako hivyohivyo. Mianzi arobaini na miwili, kila mmoja kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Mbeta zangu zilijaa. Mama aliunywa ulanzi wangu asubuhi ukiwa bado mtamu, akaunywa mchana umekwisha kuchacha, na nikirudi shule nilimkuta amelala kwenye mlango wa jiko, kitenge kimelowa, moto umezimika. Nilimwingiza ndani, nikachukua kisu, nikaenda kuchonga tena. Kazi za nyumbani za mwalimu nilizifanya nikisinzia, au sikuzifanya.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwezi wa tatu, mwalimu wa darasa alinisimamisha mbele ya wote.

"We binti, unayajua mahudhurio yako?"

"Nayajua, mwalimu."

"Unayajua nini? Wewe tunakuona saa nne, kama mgeni rasmi."

Darasa zima likacheka. Mvulana mmoja wa nyuma akadakia, "Mwalimu, huyo mgema! Mnuse mikono!"

Nikaificha mikono nyuma ya sketi. Nilipewa barua: Ijumaa saa mbili nije na mzazi, aweke sahihi kwamba nitawahi kila siku. Asipokuja, jina langu linafutwa kama la mtoro.

Niliwaza siku tatu. Kumpeleka mama akiwa amelewa haikuwezekana. Kumnyima kabisa nako nilikuwa nimewahi kujaribu: alitapika, akatetemeka mpaka kikombe kikamponyoka, akaniomba huku analia. Ndipo nikaukumbuka mtogwa. Mtogwa ni ulanzi uliogemwa muda huohuo, mtamu kama soda, hata watoto wadogo hupewa. Nilijiambia kwamba akiwa nao mkononi, anaonja kidogokidogo, atatulia bila kulewa. Ila ulanzi huchacha haraka ukikutana na masalia ya jana, kwa hiyo Alhamisi jioni nilichemsha maji nikaosha mbeta zote arobaini na mbili, moja moja. Dumu la lita tatu nililisugua kwa mchanga na majani, nikalinusa, nikalisugua tena. Lilikuwa halinuki kitu.

Ijumaa niligema mapema mno, nikajaza dumu, nikaliziba kwa gunzi la mahindi kama siku zote, tukaondoka. Mama alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani. Njiani alinishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, leo sitakuaibisha." Niliamini. Alikuwa anasema kweli.

Tuliambiwa mkuu wa shule ameitwa kikao kwenye ofisi ya kata, tumsubiri. Mama akakaa kwenye benchi mlangoni pa ofisi, dumu kati ya miguu, anawasalimia walimu wanaopita: "Kamwene, mwalimu. Kamwene." Mimi nikaruhusiwa kuingia darasani. Kwa mara ya kwanza muhula ule niliketi kipindi cha kwanza. Mwalimu wa hisabati aliandika mlinganyo ubaoni, akahamisha namba upande wa pili, alama ikageuka, na mimi nikaelewa kwa nini imegeuka. Nikajibu swali moja, nikapata. Dirishani nilikuwa namwona mama, mgongo umenyooka. Nadhani ile ndiyo asubuhi niliyokuwa na furaha kuliko zote.

Saa sita nilisikia kicheko chake. Nikatoka mbio. Gunzi lilikuwa limesukumwa juu na povu, na dumu lilinuka mkangafu, ulanzi mkali wa kulewesha. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeosha kila kitu isipokuwa gunzi. Gunzi lililolowa ulanzi tangu mvua za kwanza, nimelichomeka mimi mwenyewe kwenye mtogwa, tukautikisa njia nzima, kisha ukakaa juani.

Mkuu wa shule alirudi saa saba.

"Wewe ndiye mzazi?"

"Ni mimi. Karibu, mwalimu, onja kidogo." Mama akamnyooshea dumu.

"Mama, hapa ni ofisini."

"Wa mwanafunzi wako huyu! Anagema huyu, Kilolo nzima humpati mwingine. Onja uone."

Nyuma yangu wanafunzi walikuwa wamejazana. Mmoja akasema, "Mwalimu, onja basi, ndiyo posho ya kikao!" Wakaangua kicheko.

Mkuu hakucheka. Aliwafukuza, akatuingiza ndani, akaweka karatasi mezani. "Mama, weka sahihi hapa kwamba mtoto atawahi shule kila siku."

Mama aliitazama kalamu. Hakuwa na ubaya wowote usoni. "Sasa mwalimu, nikiweka, nani atagema?"

"Mama, mtoto asome!"

"Asome. Nani kakataa? Mchana asome. Lakini asubuhi mianzi itafunga."

Mkuu akanigeukia. "Binti, mwambie mama yako wewe mwenyewe."

 Ningesema neno moja tu, nataka kusoma, labda mama angeweka sahihi. Lakini nilikuwa nawaza gunzi. Nilikuwa nawaza jinsi nilivyolishika asubuhi, nikaona lina unyevu, na sikusimama kuliosha.

Akairudisha karatasi kwenye faili. "Nendeni. Siku akiwa mzima urudi naye."

Hakutufukuza. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mlango aliuacha wazi na niliufunga mimi. Wiki iliyofuata kulikuwa na asubuhi moja ambayo mama alikuwa ametulia nusu, anaongea vizuri, anatembea. Nikasema hapana, nisubiri siku atakayokuwa mzima kabisa, sitaki kumpeleka tena akiwa na kasoro. Siku hiyo haikuja. Mvua zikaisha, nikaenda kuchungulia orodha ya wanafunzi ukutani, na jina langu halikuwepo.

Ila Ijumaa ile, tulipofika nyumbani, hayo nilikuwa siyajui bado. Nilimlaza mama, nikamvua kitambaa chake kipya nikakikunja. Kisha nikawasha moto, nikalichemsha lile gunzi peke yake, nikabadilisha maji, nikalichemsha tena mpaka likawa jeupe, nikaliweka kwenye jiwe likauke. Lilikuwa safi kabisa. Jua lilikuwa linateremka na vidonda vya mianzi vilikuwa vinakauka, nikachukua kisu nikaenda.