Nilivyozuiwa Busia kwa sababu ya kiola kimoja

Wakuu, habari za humu.

Mkuu wa kweli hapa ni mimi, nimeshapita themanini. Anayechapa ni mjukuu wangu, na nimemkataza kuongeza chumvi. Haya yalinitokea mwenyewe.

Enzi za mkoloni nilikuwa kijana wa Lumino, upande wa Uganda. Kila Jumamosi naendesha baiskeli hadi Tororo kufundishwa viola na mke wa injinia Mzungu. Tulimwita Memsahib.

Kwa msioijua, viola ni dada mkubwa wa violin, sauti yake nzito kidogo. Kwenye orchestra violin anachukua wimbo, viola anakaa katikati anashikilia. Watu wanakugundua siku usipokuwepo.

Mjomba wangu, mpiga siiriri wa harusi, zeze la uzi mmoja linalopigwa limesimama pajani, alinicheka sana. "Mbona wewe nashika hiyo kitu kwa shingo kama mtu naumwa jino?"

Baada ya miaka minne ukafika mtihani, Kisumu. Nikifaulu, nasomea muziki Nairobi. Nikikosa, narudi kwenye muhogo. Na mtahini alikuwa anapita mara moja tu.

Memsahib alikuwa na viola mbili. Akanikopesha moja, na barua: "Mruhusu huyu apite na viola yangu."

Basi lilikuwa upande wa Kenya, linanguruma tayari. Kwenye kizuizi cha mpakani Busia palikuwa na askari aliyewahi kuishi Mombasa, na Kiswahili chake alikipenda kuliko mshahara. Akasoma barua, akafungua kasha.

"Viola *vyangu*," akasahihisha kwanza. "Haya. Mimi naona kiola kimoja. Kingine umekipeleka wapi?"

"Afande, viola ni moja tu. Jina yake ni hivyo."

"Kiti, viti. Kisu, visu. Wewe wa Uganda utanifundisha mimi Kiswahili?"

 

Nikaomba nipige, aone kwamba si ya wizi. Nikapiga kipande changu cha mtihani. Sasa sehemu ya viola ikiwa peke yake ni mm-mm, mm-mm, basi.

Afande akasubiri kwa heshima. "Wimbo wenyewe unaanza lini?"

Dereva akapiga honi. Niliogopa kweli. Nikakaa juu ya gunia la mtu, nikaisimamisha viola pajani kama mjomba, nikapiga wimbo wa harusi wa kwetu, wa Kisamia. Wamama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, wakatikisa mabega. Mguu wa afande nao ukaanza kumsaliti.

"Hicho sasa ndicho kiola!"

Akaandika chini ya barua: *Kiola kimoja. Kingine hakijulikani kilipo.* Akagonga muhuri.

Basi nililidaka likitembea. Mtihani nikafaulu.

Memsahib alipoisoma barua ile alicheka mpaka akafuta machozi. Karibu na uhuru, akifungasha kurudi kwao, alisema ile ya mkopo niiweke, akaniachia na ile viola yake ya pili. Ndani ya kasha kulikuwa na karatasi: "Mwambie afande, kingine hiki hapa."

Nililia, sifichi.

Likizo iliyofuata nilipita Busia na vyote viwili, makusudi. Afande alikuwa ameshahamishwa.

Nimepiga viola Nairobi maisha yangu yote, pale pale katikati, na nimeridhika. Nilichojifunza: soma kwa Mzungu, lakini ya mjomba usiyasahau, kuna siku ndiyo yatakayokuvusha.

Karibuni mchangie, na kunicheka ruksa. Ila kama babu yako alikuwa askari pale kizuizini na alikusahihisha Kiswahili utoto wako wote, niandikie. Nataka familia ijue kingine kilipatikana.